Bizimu Chini ya Stika

Kwenye gulio la mitumba la Jumapili mjini Berlin hakukosi meza moja ambayo watu wengi wanaipita mbio na wachache wanaiinamia hadi mgongo uwauma. Kati ya kofia zilizoliwa na nondo na picha za harusi za watu ambao hakuna anayewajua tena, yamepangwa mabizimu, yale mapande ya chuma yanayofunga mkanda wa askari tumboni. Baadhi yamebandikwa stika ndogo ya duara, aina ile ya kuandikia bei, ila haijaandikwa bei. Chini ya stika kuna swastika, alama ya Wanazi wa Hitler, iliyoshikwa na tai kwa kucha zake. Kifungu cha 86a cha kanuni ya adhabu ya Ujerumani kinakataza alama hiyo kuonyeshwa hadharani, na adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi miaka mitatu. Kuwa na bizimu hilo kabatini kwako si kosa. Kosa ni kuliacha wazi mezani wapita njia wakilitazama. Basi muuzaji anabandika stika yake, tai anabaki na mabawa bila kitu kwenye kucha, na biashara inaendelea.

Mara ya mwisho niliposimama pale nilikuwa na rafiki yangu, mtu wa Mombasa anayeishi Hamburg. Alinivuta mkono. "Kaka, wewe mtu mweusi, unatafuta nini kwenye takataka za Hitler?" Sikumjibu vizuri siku ile, maana swali lenyewe ni la haki na mimi nilikuwa na bizimu mkononi. Nimelifikiria tangu hapo. Nakiri mapema kwamba ninalo moja nyumbani, na si la zama za Hitler, ni la Kaisari, yule mfalme wa Ujerumani wa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Msomaji apime maneno yangu akijua hilo.

Tuanze na kitu chenyewe, kwa sababu wengi wanaolaani wakusanyaji hawajawahi kukishika. Askari wa kawaida wa Prussia, ufalme mkubwa kuliko wote wa Ujerumani, alivaa bizimu la shaba ya manjano lenye duara katikati, ndani yake taji, na juu ya taji maneno Gott mit uns, Mungu pamoja nasi. Muundo huo ulianza 1847. Falme nyingine za Ujerumani zilikuwa na maneno yake: Bavaria iliandika In Treue fest, imara katika uaminifu, Württemberg ikaandika Furchtlos und treu, bila hofu na kwa uaminifu, Saxony ikaona ni vyema kutumia Kilatini. Ukiyapanga mezani unaona nchi ambayo bado haijawa nchi moja, kila mfalme na kauli yake tumboni mwa askari wake.

Halafu inakuja 1915. Shaba inahitajika kwa maganda ya risasi na makombora, kwa hiyo mabizimu yanaanza kupigwa kwa bamba la chuma na kupakwa rangi ya kijivu. Langu ni la aina hiyo. Ukiligeuza unaona taji lilelile kwa kinyume, limebonyea kama alama ya kidole kwenye unga, kwa sababu bamba ni jembamba na lilipigwa mara moja tu. Nilipolinunua nililiona duni. Mzee aliyeniuzia akasema uduni huo ndio wa kusoma: dola inayomvua askari wake shaba ya tumboni mwaka wa pili wa vita imeshaanza kuishiwa.

Hapa nichepuke kidogo, maana jambo hili lina mkia wake kwetu. Wakati Ujerumani ilipokuwa inaondoa shaba kwenye mikanda ili itengeneze maganda, Wajerumani waliozingirwa katika Afrika Mashariki walikuwa wanafanya kinyume chake. Mwaka 1916 mjini Tabora walichukua shaba ya maganda wakapiga sarafu za heller 5 na heller 20, kwa sababu meli za Waingereza zilikuwa zimewafungia bahari na fedha kutoka kwao haziji. Heller ndiyo hiyo iliyotuachia neno hela. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam anayesema hana haja na vyuma vya vita vya Mjerumani anavyo mdomoni kila anapodai chenji.

Jeshi la Hitler lilipitia njia ileile. Bizimu la jeshi la nchi kavu la kuanzia 1936, lenye tai na swastika ndani ya shada la majani ya mwaloni, mara nyingi ni la alumini, jepesi na safi, na nyuma lina ulimi wa ngozi uliopigwa chapa ya kiwanda na mwaka. Vita vinapopamba moto alumini inakwenda kwenye ndege, bizimu linarudi kuwa chuma, na baadaye hata ule ulimi wa ngozi unaondolewa. Redio ilikuwa bado inatangaza ushindi. Bizimu halikuwa na wizara ya propaganda.

Ila kinachonishika zaidi ni yale maneno matatu.

Gott mit uns ni maneno ya Biblia. Msomaji aliyelelewa kanisani anayajua kwa jina moja, Imanueli, "yaani, Mungu pamoja nasi", Mathayo 1:23, na Mathayo mwenyewe ananukuu Isaya. Jina ni la Kiebrania. Prussia waliliweka kwenye mkanda, jamhuri iliyofuata baada ya Kaisari kuanguka ikaliacha palepale, na jeshi la Hitler likalirithi, likaongeza swastika na halikuona tabu. Yaani askari walioivamia Poland mwaka 1939, nchi yenye mamilioni ya Wayahudi, waliingia wakiwa wamefunga suruali zao kwa maneno ya nabii wa Wayahudi haohao.

Na kuna hesabu ambayo siwezi kuipita. Katika vita vya kwanza Wayahudi wapatao 100,000 walivaa sare ya Kaisari, na takriban 12,000 hawakurudi. Wale waliokuwa kwenye vikosi vya Prussia walivaa bizimu kama hili langu. Mwezi Oktoba 1916, vijana hao wakiwa bado mahandakini, wizara ya vita iliamuru Wayahudi wote jeshini wahesabiwe, kwa sababu uvumi ulikuwa umeenea kwamba wanakwepa mstari wa mbele. Vita vikaisha bila matokeo kutangazwa. Hebu fikiria karani anakuja handakini na fomu, anamuuliza mtu aliyelala matopeni miezi mingi kama kweli yuko matopeni. Miaka ishirini na kitu baadaye, maveterani wa Kiyahudi waliojeruhiwa au kutunukiwa nishani katika vita hivyo walipewa "heshima" ya kupelekwa kambi ya Theresienstadt badala ya kupelekwa moja kwa moja kwenye kambi za mauaji za mashariki. Wengi walisafirishwa kutoka hapo hadi Auschwitz.

Bizimu langu huenda lilivaliwa na mmoja wao, huenda lilivaliwa na aliyeeneza uvumi. Chuma hakisemi. Lakini bila hicho chuma mkononi nisingekwenda kutafuta habari za ile hesabu ya 1916, na nina hakika rafiki yangu wa Mombasa hakuwa amewahi kuisikia hadi nilipomsimulia tukiwa kwenye treni. Watu wanaofahamu bizimu kwa kulitazama kupitia stika hawafiki huko. Kwao ni alama tu, na alama inatosha kuchukiwa.

Sasa linganisha na SS, kikosi cha Wanazi kilichosimamia kambi zile. Wao waliliondoa jina la Mungu kabisa, wakaandika Meine Ehre heißt Treue, heshima yangu ni uaminifu, na uaminifu uliokusudiwa ni kwa mtu mmoja. Jeshi la anga halikuandika neno lolote. Weka mabizimu matatu pamoja, la Prussia, la jeshi la 1936 na la SS, na mwanafunzi wa kidato cha tatu ataelewa kwa dakika tano jambo ambalo kitabu kinahangaika nalo kwa sura nzima.

Wapinzani wa ukusanyaji wana hoja, na si hoja nyepesi. Hoja yao kubwa ni fedha. Novemba 2019 nyumba moja ya mnada mjini Munich, Hermann Historica, iliuza vitu vilivyosemekana kuwa vya Hitler na wenzake, licha ya ombi la Chama cha Wayahudi wa Ulaya kwamba mnada ufutwe. Kofia ya Hitler ilikwenda kwa euro 50,000. Aliyeinunua, mfanyabiashara mzaliwa wa Lebanon anayeishi Uswisi, Abdallah Chatila, alitumia takriban euro 600,000 kwa vitu kadhaa ili visiangukie mikononi mwa wanaomtukuza Hitler, kisha akavitoa kwa shirika la Kiyahudi la Keren Hayesod. Julai 2022 kule Maryland, Marekani, saa iliyodaiwa kuwa ya Hitler iliuzwa kwa dola milioni 1.1, na viongozi 34 wa Kiyahudi walikuwa wameandika barua ya wazi kupinga. Wanachosema ni hiki: bei ni aina ya sifa. Kitu kikipanda thamani, aliyekivaa naye anapanda. Australia wamekubaliana nao; tangu Januari 2024 ni kosa kufanya biashara ya vitu vyenye alama za Nazi, ukiacha mambo ya elimu, sanaa na mengine machache.

Nawaelewa. Mtoto wa mtu aliyenusurika Auschwitz akipita kwenye ile meza ya Jumapili, sina haki ya kumwambia atulie nimweleze habari za alumini.

Lakini ona mifano wanayoitoa: kofia ya Hitler, saa ya Hitler. Hayo ni masalia ya mtakatifu wa kishetani, na anayeyanunua ananunua mguso. Bizimu la askari wa kawaida lilitengenezwa kwa mamilioni, bei yake ni ya jozi ya viatu, na halikumgusa mkubwa yeyote. Kuviweka pamoja ni kama kumshtaki anayekusanya stempu za zamani kwa kosa la aliyeghushi hati ya nyumba. Na wale vijana wa kunyoa vipara wanaotutia hofu sote hawatafuti bizimu la 1941 lenye kutu. Wanataka jipya linalong'aa, na viwanda vya kuiga vipo tayari kuwauzia kwa bei ya chakula cha mchana.

Hao wa kuiga ndio wanaonikera zaidi. Mabizimu ya SS, kwa kuwa yana bei kubwa kuliko yote, ndiyo yanayoghushiwa kuliko yote. Anayeyagundua ni nani? Si polisi. Ni yule mzee mwenye lenzi jichoni anayeitwa mgonjwa wa akili na majirani zake. Anapitisha ukucha kwenye ukingo: la kweli lilipigwa kwenye bamba, kingo zake kali na mgongo una shimo linalofuata umbo la mbele; la bandia limemiminwa kwenye kalibu, nene, limelegea kama sabuni iliyotumika, na lina vitundu vidogo vya hewa. Anaangalia ndoana ilivyoungwa, uzi wa ulimi wa ngozi, na kama kutu imeanzia mahali ambapo jasho lingeweza kufika. Mwaka 2017 polisi wa Argentina walikuta chumba cha siri karibu na Buenos Aires chenye vitu zaidi ya 70 vya Nazi, dunia ikatangaziwa kuwa huenda ni vya wakubwa wa utawala ule, na haukupita muda wataalamu wakaanza kusema kwamba vingi vina dalili za kughushiwa. Ushahidi wa bandia ni zawadi kwa anayetaka kukanusha mauaji yale, na ujuzi wa kuutenga haufundishwi kwa kutazama stika.

Kuna jibu jingine ambalo watu wema hulitoa: vitu hivi viondolewe mikononi mwa watu binafsi vipelekwe makumbusho. Linasikika la busara. Makumbusho ya historia ya jeshi kule Dresden kwa mfano yanafanya kazi nzuri sana. Hayamfichi askari na hayamsifu. Ila sisi wa upande huu tuna sababu ya kutotikisa kichwa haraka. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na ukoo wake bado unatafuta kichwa chake, kinachoaminika kilipelekwa Ujerumani. Mamia ya mafuvu ya watu wa Afrika Mashariki yalikaa kwenye maboksi ya taasisi za Berlin zaidi ya karne, na mpaka Novemba 2023 ndipo rais wa Ujerumani alisimama Songea akaomba radhi kwa yaliyofanywa wakati wa Maji Maji. Taasisi zile zilikuwa na wataalamu, bajeti na daftari. Kwa hiyo mtu akiniambia kabati la mzee fulani ni mahali pachafu na ghala la makumbusho ni mahali pasafi, namuuliza anazungumzia ghala lipi.

Hata hivyo, kuna lawama moja kwa wakusanyaji ambayo nimeipokea yote. Mabizimu mengi yanatoka Lüdenscheid, mji mdogo magharibi ya Ujerumani uliojaa viwanda vya vifungo na mabizimu tangu zamani. Wakusanyaji wanalipenda jina hilo. Watakwambia tofauti ya viwanda vya Assmann na Overhoff kwa kuangalia vidoti vya nyuma ya tai. Waulize sasa kuhusu Hunswinkel. Ilikuwa kambi ya adhabu ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, mjini hapohapo, iliyoanzishwa 1940 kwenye ujenzi wa bwawa, ambako watu walioletwa Ujerumani kufanya kazi kwa nguvu, wengi wao kutoka Urusi na Poland, waliteswa na kufa kwa mamia. Nimewauliza watu wanne wenye makabati yaliyojaa. Mmoja alijua. Ukijua chapa ya kiwanda na hujui ni nani waliokuwa wakichapwa mtaa wa pili, umesoma nusu ya bizimu, na nusu uliyoiacha ndiyo yenye damu. Sitetei hilo. Nasema tu kwamba anayeshikilia chapa hiyo yuko hatua moja kutoka Hunswinkel, na aliyepita mbio hayuko hata kwenye barabara.

Limebaki jambo moja, na hapa ndipo msimamo wangu wa kutetea unapoishia.

Yapo mabizimu ya kabatini, yaliyoachwa na babu au kuletwa nyumbani na askari wa Kimarekani kama ukumbusho. Na yapo ya ardhini. Bizimu la ardhini mara nyingi lilikuwa juu ya nyonga za mtu. Volksbund, shirika la Kijerumani linalotunza makaburi ya vita, lina makaburi zaidi ya 800 katika nchi 46, yenye maiti kama milioni 2.8, na bado linafukua na kuzika upya kila mwaka, hasa Ulaya mashariki. Kinachomrudishia maiti jina ni kidude kingine cha bati, cha umbo la yai, alichovaa shingoni, chenye namba ya kikosi na namba yake. Askari akifa kilivunjwa katikati, nusu ikapelekwa ofisini na nusu ikabaki na mwili. Kumbukumbu za namba hizo ziko Berlin hadi leo, chini ya hifadhi ya nyaraka ya taifa. Mchimbaji wa usiku mwenye kifaa cha kunusa vyuma anachukua bizimu, anachukua na kile kidude kwa kuwa nacho kina soko, anarudisha mifupa shimoni kwa teke. Tangu usiku huo mtu yule hana jina tena, na kama ana binti wa miaka themanini na tano mahali fulani anayesubiri barua, haitakuja.

Mchimbaji huyo halipwi na viongozi wa Nazi. Analipwa na sisi. Hakuna ujuzi wa alumini wala Isaya unaofuta hilo, na wakusanyaji wanaosema "mimi nanunua tu, sichimbi" wanasema alichosema mnunuzi wa pembe za ndovu. Nisingepiga marufuku bizimu la kabatini. La ardhini ningelipiga marufuku kesho asubuhi, liwe la SS, la Kaisari au la nani, mpaka muuzaji aonyeshe karatasi ya mahali lilipotoka na nani aliruhusu.

Siku ile gulioni, kabla rafiki yangu hajanivuta mkono, lile nililokuwa nimeshika lilikuwa la namna hiyo. Chuma kimekuwa kama biskuti, rangi imeisha, kwenye mikunjo ya shada la mwaloni kuna udongo mwekundu uliokauka. Gott bado lilisomeka, mit uns lilikuwa limekwenda na kutu. Nilimuuliza muuzaji limetoka wapi. Kurland, alisema, Latvia. Nikamuuliza kama kulikuwa na kitu kingine pamoja nalo. Alinitazama kidogo, akachukua stika kutoka kwenye karatasi yake, akaibandika mahali palipokuwa na swastika, akasema euro arobaini.